Deki Imegoma Kurekodi? Anza na Waya, Kisha Saa

Chini ya televisheni katika nyumba nyingi ipo deki iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Juu ya kitambaa pamewekwa picha ya harusi au maua ya plastiki, na deki yenyewe haijawashwa kwa miaka. Ukiuliza utaambiwa, "Hiyo ilishakufa." Ililetwa na shemeji aliyekuwa akifanya kazi Muscat, au na binti aliyesoma Uingereza, ikarekodi vipindi viwili vitatu, kisha siku moja ikagoma. Baba akaigonga kidogo kwa kiganja, watoto wakabonyeza vitufe vyote vya rimoti, fundi akaahidi kuja na hakuja. Basi ikawa meza ya maua.

Mpenzi msomaji, kabla hujamwita mnunuzi wa vyuma chakavu, tunakuomba uifunue hiyo deki. Deki ya kurekodi DVD iliyogoma mara nyingi haina ugonjwa wowote ndani. Ama waya umechomekwa kwenye tundu lisilo lake, ama saa ya deki haiendi sawa na saa ya nyumba. Mambo hayo mawili hayahitaji bisibisi, na mama anayejua kutia uzi kwenye cherehani hawezi kushindwa nayo.

Tena ipo sababu ya kufanya haraka. Ndani ya sanduku, pamoja na vitenge vya zamani, familia nyingi zimehifadhi mikanda ya video: harusi ya mwaka 1991, kipaimara cha mtoto wa kwanza, mazishi ya babu, kwaya ikiimba na bibi akiwa mstari wa mbele. Kwa Tanzania Bara, deki za mikanda ziliingia majumbani hata kabla ya vituo vya televisheni, ambavyo vilianza mwaka 1994. Leo deki hizo hazitengenezwi tena. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuzitengeneza, iliacha mwezi wa Julai 2016. Inayoharibika haina mrithi dukani, na mikanda yenyewe huendelea kupoteza rangi na sauti kadiri miaka inavyopita. Deki ya kurekodi DVD ni njia moja iliyo rahisi ya kuihamisha sauti ya bibi kabla haijafutika. Ndiyo maana hatupendi kuiona ikibeba maua.

JE, KWELI HUREKODI?

Swali hili lisikuudhi. Deki nyingi za DVD zilizouzwa kwetu zilikuwa za kuonyesha tu, na wapo watu waliohangaika nazo mwezi mzima wakizitaka zifanye kazi ambayo hazikuumbiwa. Tazama mbele kama kuna kitufe chenye neno REC au kidoa chekundu. Kisha igeuze, utafute nyuma matundu yaliyoandikwa IN. Deki ya kuonyesha tu ina OUT peke yake, kwa kuwa inatoa picha lakini haipokei. Angalia pia mbele chini ya kile kifuniko kidogo kinachofunguka kwa kidole, maana nyingine zimeficha matundu hapo. Kama IN haipo popote, hutarekodi kitu hata ukikesha na rimoti mkononi.

Jambo la pili hulifanya kabla ya kuchomeka kwenye umeme: soma kibandiko cha nyuma. Deki iliyonunuliwa Marekani huenda imeandikwa 120V. Umeme wetu ni volti 230 hadi 240. Ukiichomeka moja kwa moja itaungua, na hapo itakuwa imekufa kweli. Hiyo inahitaji transfoma ya kushusha umeme. Iliyoandikwa 220-240V, au 100-240V, haina neno.

MAJI HUTOKA BOMBANI, HUINGIA NDOONI

Wengi wetu tukiona matundu mengi nyuma ya deki, tunachomeka popote rangi zinapofanana. Rangi zina maana yake: njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti ya kushoto na ya kulia. Lakini rangi peke yake haitoshi, kwa sababu kila tundu ama linatoa, ama linapokea. Fikiria maji ya nyumbani. Yanatoka bombani, yanaingia ndooni, na kutoka ndooni yanamiminwa mtungini. Ukiunganisha bomba kwa bomba hupati kitu. Picha nayo ndivyo inavyosafiri. Inatoka kwenye king'amuzi au kwenye deki ya mkanda kwa tundu la OUT, inaingia kwenye deki ya kurekodi kwa tundu la IN, kisha inatoka hapo kwa OUT na kuingia kwenye televisheni kwa IN. Ukiweza kuisema njia hiyo kwa mdomo wako huku kidole kikifuata waya, umeshamaliza nusu ya kazi.

Tunashauri usiunganishe vyote kwa mara moja. Anza na mwisho wa safari. Unganisha deki ya kurekodi na televisheni tu, washa vyote viwili, na kwa rimoti ya televisheni bonyeza AV, SOURCE au INPUT mpaka uione menyu ya deki kwenye kioo. Ikitokea, basi sehemu hiyo ni nzima, usiiguse tena. Sasa ndipo ulete king'amuzi.

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Wameunganisha vizuri kabisa, lakini kioo ni cheusi au cha buluu. Sababu ni kwamba kuna machaguo mawili, si moja. Televisheni inatakiwa iambiwe itazame deki; na deki nayo inatakiwa iambiwe itazame king'amuzi. La kwanza umekwisha kulifanya. La pili hufanywa kwa rimoti ya deki: bonyeza kitufe cha INPUT, au teremsha namba za chaneli mpaka upite chini ya 1, na kwenye kidirisha cha deki patatokea L1, L2, AV1 au AV2. Jina utakalochagua lifanane na lile lililoandikwa kando ya tundu ulilochomeka. Matundu ya nyuma na ya mbele hayana jina moja. Deki nyingi tulizosikia "zimekufa" zilikuwa zinatazama L2 wakati waya uko L1.

Na wale waliokuwa wakirekodi kwa antena bila king'amuzi? Deki za enzi hizo zilizoletwa kwetu kwa kawaida zina kipokeo cha matangazo ya analojia. Dar es Salaam matangazo hayo yalizimwa tarehe 31 Desemba 2012, na mikoa mingine ikafuata. Nairobi nayo yalizimwa baadaye. Tangu hapo ukitafuta chaneli kwenye deki yenyewe utaona chenga tupu. Usipoteze jioni yako kwa kuzitafuta upya. Kinachopokea matangazo sasa ni king'amuzi, na deki ipewe kazi ya kurekodi tu kile inacholetewa kwenye L1.

Tatizo jingine limeletwa na televisheni za flati. King'amuzi kimeunganishwa nayo kwa waya mmoja wa HDMI, picha ni safi, na mama anatafuta tundu la HDMI la kuingizia kwenye deki asilione. Halipo. Hata kama deki yako ina tundu la HDMI, kwa kawaida ni la kutoa tu. Acha waya huo mahali pake, utumie matundu ya njano, nyeupe na nyekundu ya king'amuzi kwa ajili ya deki. Ving'amuzi vidogo vya siku hizi havina matundu hayo matatu, bali kimoja chembamba kama cha spika za masikioni, na waya wake una kichwa kimoja upande huu na vitatu upande ule. Nyaya hizo hazikutengenezwa kwa mpangilio mmoja. Ukipata mkwaruzo mbaya masikioni na kioo hakina picha, usiutupe waya. Chomoa kichwa cha njano, mahali pake jaribu kuweka chekundu, kisha cheupe. Picha ikija kwa kichwa chekundu, iache hivyo hivyo. Rangi ni ya plastiki tu, umeme hauijui.

Deki iliyotoka Ulaya inaweza kuwa na tundu pana lenye pini 21, liitwalo SCART. Kiunganishi chake chenye matundu matatu ya rangi huuzwa na mafundi, lakini kichunguze pembeni: vingine vina kiswichi kidogo cha kuchagua IN au OUT, na kikiwa upande usiofaa hakuna kitakachopita. Tumesikia watu wakinunua viunganishi vitatu mfululizo wakati tatizo lilikuwa kiswichi hicho.

Ikiwa picha ipo lakini sauti haisikiki, angalia kwanza kama sauti ya king'amuzi chenyewe haikupunguzwa mpaka mwisho kwa rimoti yake. Picha ikiwa nyeusi na nyeupe, au ikipanda na kushuka kama pazia, huenda deki na chanzo chake hazisemi lugha moja: kwetu hutumika mfumo wa PAL, Marekani na Japani ni NTSC. Ingia kwenye menyu ya deki, tafuta mahali palipoandikwa majina hayo mawili, ubadilishe, kisha tazama.

SAA YA DEKI SI SAA YETU

Sasa tumefika mahali ambapo, kwa maoni yetu, pameleta ugomvi majumbani kuliko nyaya zote. Mama anakwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Anaitegea deki imrekodie mchezo wa saa mbili na nusu usiku, anaondoka na moyo mkunjufu. Akirudi, diski ni tupu. Anamshuku mtoto, mtoto analia. Asubuhi yake diski hiyo imejaa saa nzima ya jambo asilolijua, lililorushwa wakati watu wamelala.

Mtoto hana kosa. Mama aliandika 02:30. Watengenezaji wa deki hawajui kwamba sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Wao huanza usiku wa manane, na kwa deki 02:30 ni saa nane na nusu ya usiku. Tunaongea saa zetu na kusoma saa zao kila siku bila kufikiri, lakini mbele ya menyu ya deki, akili ikiwa imechoka, ulimi hushinda.

Kanuni yake si ngumu. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, ambayo ni 06:00, chukua saa yetu uongeze sita: saa moja asubuhi ni 07:00, saa sita mchana ni 12:00, saa kumi jioni ni 16:00. Saa kumi na mbili jioni ni 18:00. Giza likiingia, ongeza kumi na nane: saa moja usiku ni 19:00, saa mbili na nusu ni 20:30, saa tano ni 23:00. Saa sita usiku deki inarudi kwenye sifuri, 00:00. Baada ya hapo punguza sita: saa saba usiku ni 01:00, saa kumi alfajiri ni 04:00. Deki nyingine hazitumii kumi na tatu na kuendelea, bali huandika AM na PM. AM ni kuanzia usiku wa manane hadi kabla ya adhuhuri, PM ni adhuhuri hadi usiku wa manane. Kwa deki hizo mchezo wa mama ni 8:30 PM. Nakili hesabu hiyo kwenye kikaratasi, ukibandike ndani ya mlango wa kabati la televisheni.

Siku nazo zina mtego wake. Kwa deki siku hubadilika saa sita usiku, si jua linapozama wala linapochomoza. Kipindi kitakachoanza saa sita na nusu usiku wa Jumapili, ule wa kuamkia Jumatatu, ni cha Jumatatu kwenye deki, tarehe ya kesho. Wenzetu wa pwani wawe waangalifu zaidi, kwa maana wapo wazee ambao ukisema usiku wa Ijumaa wanaelewa usiku unaoanza Alhamisi jua likizama. Uliza tarehe, usiulize jina la usiku. Kipindi kikianza saa tano usiku na kuisha saa saba, tarehe ni ile ya kuanzia, na saa ya kumalizia iandikwe 01:00. Deki nyingi huelewa kwamba ni kesho yake.

Bado saa ya deki yenyewe. Umeme ukikatika, deki nyingine hukumbuka saa kwa muda mfupi, nyingine husahau papo hapo na kuonyesha sifuri zinazopepesa. Deki iliyosahau saa haiwezi kuamka kwa wakati, kwa hiyo kila umeme unaporudi itazame. Zipo zilizotengenezwa zijirekebishe zenyewe kwa kuchukua saa kutoka kwenye matangazo ya analojia. Kwa kuwa matangazo hayo hayapo, ingia kwenye menyu ya saa, zima urekebishaji wa kujiendesha, uandike saa na tarehe kwa mkono wako. Usisahau mwaka, deki iliyobaki mwaka 2005 haitakutana na Jumapili ya wiki hii katika tarehe uliyoandika.

Ukishaandika siku, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, menyu itakuuliza chaneli. Hapo usiandike namba ya kituo unachokipenda. Andika L1, au jina lolote la tundu ulikochomeka king'amuzi. Chaneli ya kituo huchaguliwa kwenye king'amuzi, na ni lazima king'amuzi kibaki kimewashwa, kikiwa kwenye chaneli hiyo, mpaka kipindi kiishe. Deki haina mkono wa kukiwasha. Ving'amuzi vingi tena vina tabia ya kujizima baada ya saa chache bila kuguswa rimoti, ili kupunguza matumizi ya umeme. Tafuta mpangilio huo kwenye menyu yake uuzime, la sivyo utarekodi kioo cheusi kwa uaminifu mkubwa.

Jambo hili lina gharama yake nyumbani, nasi hatutaificha. King'amuzi kikiwa kimoja, kinachorekodiwa ndicho kinachotazamwa. Atakayehamisha chaneli atazame mpira, amehamisha na deki. Basi suala la rimoti lizungumzwe mezani kabla ya chakula, si baada ya ushahidi kupatikana kwenye diski.

Hatua ya mwisho husahaulika kuliko zote. Deki nyingi hazitaanza kurekodi kwa kutegwa ikiwa zimewashwa na mtu anazitumia. Zinataka zizimwe kwa rimoti, zibaki zimelala huku umeme ukiwa umechomekwa. Alama ndogo ya saa itawaka kwenye kidirisha kuonyesha kwamba zinangoja. Alama ikipepesa badala ya kutulia, deki inakuambia kuna kasoro: mara nyingi hakuna diski, au diski imejaa, au imegandishwa isiandikwe tena. Na anayezima kila kitu ukutani kabla ya kulala, tabia nzuri kwa kweli, aambiwe mapema.

Ongeza dakika tano kabla na kumi baada, kwa sababu vituo vyetu havianzi kwa mstari. Kisha fanya jaribio moja: tega dakika tano tu, kipindi chochote, ukiwa umekaa papo hapo. Likifaulu mara moja likiwa mbele ya macho yako, unaweza kwenda kwaya.

DISKI NAYO INA MASHARTI

Kwa vipindi vya kutazama na kufuta, tumia diski zenye herufi RW, ambazo hufutika na kutumika tena. Kwa kumbukumbu za familia tumia zenye R peke yake, ambazo haziandikwi mara ya pili, hivyo hakuna atakayerekodi mpira juu ya ubatizo. Soma kwanza deki yako inakubali zipi, zenye alama ya kujumlisha au ya kutoa kati ya DVD na R, maana za zamani nyingi zilikubali aina moja tu. Deki ikikuuliza kama diski ya RW itayarishwe kwa VR au kwa Video, chagua Video. Ya VR hukataliwa na deki nyingi za kawaida.

Diski ya kawaida hubeba saa 2 kwa ubora mzuri, ambao kwenye deki nyingi huitwa SP. Ukichagua LP hubeba saa 4, na EP saa 6, ila picha hupungua kila unapoongeza muda. Mkanda ulioandikwa E-180 una saa 3. Wengi huubana kwenye diski moja kwa LP. Sisi tungegawa: kanisani diski ya kwanza, ukumbini diski ya pili. Diski si ghali kama uso wa mama mzazi unaoonekana vizuri.

Ukimaliza kurekodi kwenye diski ya R, kazi haijaisha. Ingia kwenye menyu ya diski utafute neno FINALIZE, uthibitishe, ungoje dakika kadhaa bila kugusa kitu. Ni kama kushona mdomo wa gunia. Bila hivyo diski itaonekana kwenye deki yako tu, na ukimpelekea wifi yako Mwanza ataambiwa haina kitu. Umeme ukikatika katikati ya shughuli hii diski inaweza kuharibika kabisa, kwa hiyo chagua saa ambayo umeme wa mtaa wenu huwa umetulia, na kama mna betri ya kompyuta ya kuhifadhi umeme, deki ipate nafasi yake.

SASA TOA MIKANDA SANDUKUNI

Waya na saa vikiwa vimetii, geukia kile kilichotufanya tuandike makala hii. Mbele ya mwanga wa dirisha, tazama kila mkanda kupitia kile kidirisha chake cha plastiki. Ukiona unga mweupe au utando kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu wa unyevu, jambo la kawaida hasa pwani. Usiuingize kwenye deki. Ukungu huchafua kichwa cha deki na kuhamia mikanda mingine. Utenge kwenye mfuko wake, utafute fundi anayejua kusafisha mikanda, na wapo bado katika miji mikubwa, hasa waliokuwa wakipiga picha za harusi zamani.

Mikanda iliyo safi iache ikae sebuleni siku nzima ipate joto la chumba. Usianze na wa harusi. Anza na mkanda usio na thamani, ili deki ya zamani ikiwa na tabia ya kutafuna, itafune huo. Ikipita salama, chukua mkanda wa familia, uupeleke mbele mpaka mwisho na kuurudisha mwanzo mara moja ili utepe ulegee. Vunja kile kidoko cha plastiki kwenye ukingo wake kama bado kipo. Bila hicho hakuna atakayeweza kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Unganisha deki ya mkanda kwa OUT, deki ya DVD kwa IN, chagua L1, kama ulivyokwisha kujifunza. Wenye deki iliyounganishwa mkanda na DVD katika sanduku moja wamebahatika, wao hubonyeza kitufe kimoja cha kunakili.

Picha ikiwa na mistari inayokimbia chini, rekebisha TRACKING kwa rimoti ya deki ya mkanda kabla ya kuanza. Ikififia na kung'aa kwa zamu, angalia kama huo ni mkanda wa sinema ya dukani, kwa kuwa nyingi ziliwekewa kinga dhidi ya kunakiliwa na deki itakataa. Mikanda ya nyumbani haina kinga hiyo.

Kunakili huchukua muda ule ule wa mkanda. Saa tatu ni saa tatu. Usiiache deki peke yake. Mwite mama mkwe, shangazi, mjomba aliyebaki, wakae watazame pamoja nawe, na mtoto anayeandika vizuri ashike daftari. "Huyo aliyebeba keki ni nani?" "Huyo mwenye gauni la kijani alikuwa nani kwa babu?" Katika mikanda ya miaka ya 1980 na 1990 wamo watu wengi ambao leo wanatambuliwa na mzee mmoja tu katika ukoo. Andikeni dakika na jina. Kazi hiyo deki yoyote haiwezi kuifanya, na kwa wazee wengine haiwezi kungoja sikukuu ya Krismasi.

Tengeneza nakala mbili. Kisha mpe kijana mwenye kompyuta yenye sehemu ya diski anakili folda yote iitwayo VIDEO_TS kwenye diski kuu au flashi, kwa kuwa kompyuta nyingi mpya haziingizi diski tena. Mkanda wenyewe usiutupe. Urudishe kwenye ganda lake, usimame wima, mbali na jua na mbali na spika kubwa. Diski nazo ziandikwe juu kwa kalamu ya wino laini, si ya ncha ngumu inayokwaruza: jina la tukio, mahali, mwaka. Moja ibaki kwako, na ya pili impelekee ndugu anayeishi mji mwingine, pamoja na nakala ya lile daftari la majina.